Shibri Moja ya Waya

Hakuwa na cheti cha ufundi. Hakuwa na meza ofisini, wala kiti, wala msumari wa kutundikia koti. Hakuwa na jino hata moja la mbele upande wa juu, kwa hiyo alicheka kwa kubana midomo, na wasiomjua wakadhani ana maringo. Hakuwa na shemeji serikalini wala binamu kwa wakubwa. Hakuwa na miwani. Aliyosomea ilikuwa ya mkewe, ya kike, yenye maua madogo pembeni. Hakuwa na mazoea ya kuitikia "naam" kabla hajaelewa alichoambiwa. Na kuanzia saa nne ya asubuhi ile ya Jumatatu, alipokabidhiwa bahasha ya kaki na kutakiwa kuitia saini kwenye daftari la kupokelea, hakuwa tena na uhakika wa kazi yake.

Wenzake walimwita Kurasa. Ni kwa sababu ya daftari gumu alilolichomeka kiunoni, chini ya shati, ambamo kwa miaka kumi na tisa alikuwa ameandika kila alichokifanya kwenye mashine ya boti ya zahanati: siku aliyobadilisha oili, siku aliyosafisha plagi, siku samaki alipoziba njia ya maji ya kupozea. Boti hiyo ilimvusha muuguzi na masanduku yake ya dawa kwenda ng'ambo ya ziwa mara tatu kwa wiki, naye Kurasa ndiye aliyeiendesha na ndiye aliyeitengeneza. Jina walimpa kwa kumcheka. Yeye alilipokea kama cheo.

Barua ilikuwa fupi. Ilimtaka aeleze kwa maandishi, ndani ya siku tatu, chanzo na kiwango cha uharibifu wa mashine ya boti, na kwa nini asichukuliwe hatua za kinidhamu. Chini ilikuwa saini ya Mkuu wa ofisi, ndefu, yenye mkia uliopinda kama ndoano.

Mkewe alikuwa kwenye cherehani, anapinda sare za shule. Aliisoma mara moja, akairudisha mezani kwa ncha za vidole.

"Siku tatu," alisema.

"Siku tatu."

"Na wewe unakula."

"Nimeambiwa nijieleze. Sijaambiwa nifunge."

Nyuma ya pazia, kilipokuwa kitanda cha mama mkwe, kikasikika kicheko kikavu. Bibi yule alikuwa haoni vizuri lakini masikio yake yalifanya kazi ya watu wawili.

"Mwache ale," alisema bibi. "Asije akaandika upuuzi kwa njaa."

"Mama, hili si la mzaha." Mkewe aligeuza kiti kumkabili mumewe. "Bwana, umebakiza miaka miwili ustaafu. Andika umekosea, omba radhi, yaishe."

"Nimekosea nini mimi? Wiki iliyopita Mkuu kaamuru boti yote iwe nyeupe kwa sababu ya wageni wa ukaguzi. Yule binti wa kibarua akapewa kopo na brashi, akapaka kila kilichokuwa mbele yake, na nyaya za betri humo humo. Mwekundu ndio wa chanya, mweusi ndio wa hasi. Sasa zote nyeupe. Ijumaa nafunga betri mpya, utajua ipi ni ipi?"

"Wewe ulijuaje?"

"Kwa urefu. Miaka yote wa chanya ndio mrefu." Alisita. "Nikagusisha, cheche zikaruka, fyuzi ikakatika. Nikajua zimegeuka. Nikazirudisha sawasawa, nikaweka fyuzi nyingine, nayo ikakatika hapo hapo. Mtu mwenye akili akiona hivyo anasimama. Nikasimama. Nikaandika kwenye kitabu cha boti, 'Mashine isiguswe,' nikaja nyumbani. Yeyote angekosea pale. Ni rangi."

Hapo mlango ukabishwa hodi, na aliyeingia hakungoja akaribishwe.

Alikuwa Bwana Stoo, mtunza ghala wa ofisi, kijana wa miaka thelathini na kitu, shati limenyooshwa, harufu ya manukato imetangulia. Alikaa kwenye kiti pekee chenye mto.

"Shikamoo, Mzee Kurasa. Shikamoo, mama. Nimekuja kama mdogo wenu, si kama mtu wa ofisi." Akatoa karatasi iliyokunjwa mara tatu. "Nimeona usihangaike na mambo ya mwandiko. Nimekuchapia kabisa. Ni kutia saini tu."

Kurasa alivaa miwani. Bwana Stoo aliyatazama yale maua, akatabasamu.

"Imekupendeza."

"Ndiyo, wengi wanasema," alijibu Kurasa, akasoma. Karatasi ilisema kwamba kibarua wa usafi aligusa betri bila ruhusa na kuzigeuza nyaya. Kwamba mashine yote imeungua, haifai kutengenezwa. Kwamba yeye, mwendeshaji, anashauri iondolewe kwenye mali ya ofisi na iuzwe kama chuma chakavu.

"Hapa mmeandika imeungua yote. Nani aliyeipima?"

"Imekataa kuwaka, Mzee. Tumevuta kamba mpaka mikono imeota malengelenge."

"Mlivuta lini?"

Bwana Stoo aliichunguza saa yake. "Jumamosi. Mkuu alikuwa na safari."

"Niliandika isiguswe."

"Wewe unaandika mengi, Mzee wangu. Nani atamaliza kuyasoma?" Alisimama, akajikung'uta suruali kana kwamba kiti kilikuwa na vumbi. "Fikiria. Ukisaini, keshokutwa uko kazini kama kawaida."

Alipokwishatoka, cherehani haikuanza tena kulia. Mkewe alikuwa ameikunja mikono mapajani.

"Saini," alisema.

"Na yule binti?"

"Yule ni kibarua. Akitolewa leo, kesho ataokota kibarua kingine. Wewe ukitolewa, nani atakuajiri na mdomo huo?"

"Wenye meno au usio na meno?"

"Yote miwili," alisema bibi nyuma ya pazia, na mkewe, ingawa hakutaka, akalazimika kukohoa ili asicheke.

Kurasa hakusaini. Aliichukua ile barua ya Mkuu akaisoma tena, polepole, kama alivyofundishwa zamani kwenye madarasa ya jioni, neno moja baada ya jingine, na kila neno uliulize linataka nini. Alipofika kwenye "chanzo na kiwango cha uharibifu" alichukua penseli, akapiga mstari chini yake. Halafu akapiga wa pili.

*

Kesho yake alifika ofisini saa mbili kasoro. Aliambiwa angoje kwenye benchi la ukumbini. Chai ilipita mbele yake ikielekea ndani, ikarudi sinia tupu. Waliofika baada yake waliingia na kutoka. Mpiga chapa alimwomba anyanyue miguu apitishe ufagio, ilhali kazi ya ufagio haikuwa yake; yule binti aliyezoea kufagia alikuwa amepewa mapumziko yasiyo na mwisho tangu jana. Saa nne na robo akaitwa.

Mkuu hakumwonyesha kiti. Alikuwa mtu wa makamo, mnene wa shingo, mwenye tabia ya kuongea huku anaandika jambo jingine.

"Umeleta maelezo?"

"Nimeleta swali, Mkuu."

Kalamu ilisimama.

"Barua yako inanitaka nieleze chanzo na kiwango cha uharibifu. Kiwango hakielezwi kwa kukisia. Naomba nifunguliwe ghala niipime mashine."

"Utaipima kwa elimu gani? Umeme ulisomea wapi wewe?"

"Shule ya usiku, miaka minne. Na kwenye hiyo mashine, kumi na tisa."

Bwana Stoo, aliyekuwa ameegemea kabati la mafaili, alicheka puani. "Shule ya usiku. Ndiyo maana kuona nyaya mchana ni shida."

Mkuu naye akacheka. Kurasa alingoja wamalize, mikono nyuma, kama anavyongoja mtu mvua ndogo ipite. Kisha akaitandaza barua mezani, akaweka kidole juu ya mistari yake miwili ya penseli.

"Hii ni saini yako, Mkuu. Umeniamuru. Ukinikatalia, itabidi niandike kwamba nilitaka kutii nikazuiwa."

Kicheko kilikatika. Mkuu aliyasoma maneno yake mwenyewe kama aliyekuta kiatu chake mguuni mwa mtu mwingine.

"Mpaka saa nane," alisema mwishoni. "Bwana Stoo atakaa hapo akuangalie."

"Na nitahitaji mtu wa kuchota maji na kuandika. Yule binti anatosha."

"Yule yuko nje ya kazi."

"Mlimtoa kwa kosa ambalo bado linachunguzwa," alisema Kurasa. "Na kwenye barua mliyonichapia anatajwa. Afadhali aonekane anapotajwa."

*

Binti wa kibarua, ambaye tangu siku ya rangi wote walimwita Brashi, alikuja amejifunga kanga kiunoni na uso wa mtu aliyeitwa kuhukumiwa. Alijaza pipa ndoo kwa ndoo. Mashine iliinuliwa ikafungwa kwenye ubao juu ya pipa, mguu wake umezama majini, na kifuniko chake kikawekwa chini kando. Bwana Stoo alileta kiti chake mwenyewe, akakaa kivulini.

"Kalamu unaijua?" Kurasa alimwuliza Brashi.

"Nilifika darasa la saba, Baba."

"Basi andika ninayosema, kama ninavyosema. Nikikosea usinisahihishe, andika kosa langu hivyo hivyo." Akampa daftari. Katika miaka kumi na tisa hakuwahi kumpa mtu mwingine alishike.

Alianza kwenye betri. Ilikuwa nzima. Akatoa kisu kidogo, akakwangua rangi kwenye waya wa kwanza, ule mrefu, ili amwonyeshe Bwana Stoo wekundu chini ya weupe. Chini ya weupe palikuwa na weusi. Akakwangua mbele zaidi. Weusi. Akauchukua ule mfupi, akaukwangua, ukatoa wekundu kama kidonda kipya.

"Haiwezekani," alisema. "Mwekundu ndio mrefu." Aligeuka. "Kuna mtu alizibadilisha hizi. Binti, rudi nyuma kwenye hilo daftari, tafuta popote nilipoandika habari ya nyaya za betri. Soma kwa sauti, na huyu bwana asikie."

Brashi alilowesha kidole, akafunua. Bwana Stoo alisogeza kiti mbele.

"Hapa, Baba. Miezi miwili iliyopita." Alisoma bila kupumzika, kama wasomavyo darasani. "'Leo nimekata waya wa chanya shibri moja, ncha imeliwa na kutu. Nimefunga ncha mpya. Sasa ni mfupi kuliko wa hasi. Kumbuka.'"

Maji yalidondoka kutoka kwenye ndoo. Kurasa alipapasa nyuma yake, akaipata ndoo nyingine iliyopinduliwa, akakaa. Neno "kumbuka" alikuwa amelipigia mstari. Aliuona kutoka pale alipokaa, bila hata miwani.

"Kwa hiyo ni mimi, Baba?" Brashi aliuliza kwa sauti ndogo. "Kwa sababu ya rangi?"

Bwana Stoo alikuwa ameshasimama. Alisogea akainama sikioni kwa Kurasa, sasa kwa upole wa kweli kabisa. "Mzee, hilo hatujalisikia. Si wewe, si mimi. Mwache huyu na rangi yake."

Ingekuwa rahisi. Ilikuwa imeshakuwa rahisi. Alichotakiwa ni kunyamaza tu, na kunyamaza hakuhitaji hata saini. Kurasa aliyatazama mikononi mwake yale mabaka meupe ya rangi iliyokwanguliwa.

"Hapana," alimwambia binti. "Wewe uliambiwa upake, ukapaka. Waya niliukata mimi, nikaandika mimi, nikasahau mimi. Andika."

"Niandike nini?"

"Hicho ulichosoma. Na tarehe ya leo. Halafu tuendelee, maana mashine iliguswa mara mbili na mimi nadaiwa mara moja."

Akanyanyuka. Alichomoa kifaa kidogo cha ukubwa wa kiberiti, kilichofungwa kwa skrubu moja ubavuni mwa mashine.

"Hii ni rektifaya. Kazi yake ni kama mlango unaofunguka upande mmoja tu: umeme wa mashine uende kwenye betri, wa betri usirudi." Aligusisha sindano za mita yake upande huu, mita ikalia. Akazigeuza upande wa pili, ikalia vilevile. "Mlango umeng'oka. Ukigeuza betri, hiki ndicho kinachokufa, na kwa kuwa kimekufa wazi, kila fyuzi mpya inakatika. Andika: rektifaya imekufa, kosa la mwendeshaji."

"Kosa la mwendeshaji," Brashi alirudia akiandika.

"Sasa, fyuzi." Alifungua kijumba chake. Ndani hapakuwa na fyuzi. Palikuwa na nyuzi tatu za shaba zilizosokotwa pamoja, nyeusi, zimegandamana na plastiki iliyoyeyuka. Alizitoa kwa koleo, akaziinua juu kama mtu anayeonyesha mfupa uliotoka kooni. "Bwana Stoo, hizi ni nini?"

"Mimi si fundi."

"Mimi nilikuwepo," alisema Brashi ghafla. Macho yake hayakutoka kwenye daftari. "Jumamosi. Niliambiwa nishike tochi. Bwana Stoo alisema fyuzi zimekwisha, akachuna waya wa pasi. Mkuu akasema harakisha, watu wangu wananingoja ng'ambo. Wakawasha, ukatoka moshi."

"Wewe nyamaza."

"Usinyamaze, binti. Mimi ndiye niliyekupa kalamu. Andika hilo pia," Kurasa alisema, na Brashi akageuza uso ili asionekane anacheka.

Fyuzi imewekwa ili ife yenyewe badala ya mashine. Shaba ya waya wa pasi haikukubali kufa. Umeme wote ulikuwa umepita kwenye wayaringi, lile fungu la nyaya za mashine, na Kurasa alipouchana utepe akazikuta nyaya tano zimeyeyukiana kama peremende mfukoni. Alizitenganisha moja moja. Alipima koili zilizo chini ya gurudumu, zilikuwa nzima. Akatoa plagi, akailaza kwenye mwili wa mashine, akavuta kamba. Hakuna cheche.

"Si nilikwambia," alisema Bwana Stoo. "Kisanduku cha moto, kinachotuma cheche kwenye plagi, kimekwenda. Hiyo ni chuma chakavu."

"Labda."

Alikaa akaitazama kwa muda mrefu. Katika zile nyaya tano mmoja ulikuwa wa kuzimia. Waya wa kuzimia kazi yake ni ya uhasama: ukigusa mwili wa mashine, mashine haitoi moto. Ndivyo swichi inavyoizima. Na huu ulikuwa umeyeyuka ukalala juu ya ule wa hasi, unaofungwa kwenye mwili wa mashine, kwa hiyo mashine ilikuwa ikiambiwa izime tangu Jumamosi, mchana na usiku, na hao wanaovuta kamba wanaota malengelenge. Kurasa aliuchomoa waya ule mahali unapoingia kwenye kisanduku. Akavuta kamba tena. Kwenye ncha ya plagi ikaruka cheche ya buluu, nyembamba, yenye mlio.

Alirudisha plagi, akaunganisha mpira wa mafuta, akavuta mara ya kwanza, ya pili. Ya tatu mashine ikanguruma, pipa likatapika maji hadi miguuni mwa Bwana Stoo, na moshi wa oili ukapanda hadi kwenye madirisha ya ofisi. Watu wakachungulia. Mpiga chapa alipiga makofi mawili, akakumbuka yuko kwa nani, akaacha.

Mkuu alikuja anatembea haraka kuliko alivyopenda kuonekana. Kurasa alivuta choki, mashine ikakabwa, ikazima.

"Imewaka," alisema Mkuu.

"Imewaka. Rektifaya inunuliwe, wayaringi usukwe upya, siku mbili iko majini."

Mkuu alipangusa shingo. "Basi vizuri. Tusilikuze jambo. Ile barua aliyokuchapia huyu, toa tu hayo ya kuuza, mengine yabaki. Saini, rudi kazini."

"Yabaki ya kwamba huyu binti ndiye aliyegeuza nyaya?"

"Huyu hana faili, Mzee. Mtu asiye na faili hachafuki."

"Mimi nipo hapa, Mkuu," alisema Brashi.

Mkuu hakumtazama. Kurasa alilichukua daftari mikononi mwa binti, akalichomeka kiunoni.

"Kufunga betri kinyume ni kosa langu. Kuweka waya wa pasi penye fyuzi si kosa langu. Nitayaandika yote mawili, na sitayachanganya."

"La kwanza peke yake linatosha kukufukuzisha kazi."

"Linatosha."

"Na ukiandika la pili utakuwa unapambana na mimi."

"Sikujua kwamba ni lako, Mkuu," alisema Kurasa kwa adabu. "Nilidhani ni la Bwana Stoo."

*

Mkewe aliisikia habari yote akiwa amesimama, kitambaa begani. Ilipofika kwenye ukurasa uliosomwa na Brashi aliketi.

"Lete hilo daftari."

Akalifunua hadi pale. Akaushika ukurasa kwa vidole viwili, pembeni kwenye mshono, kama ashikavyo nyuzi anapotaka kufumua.

"Karatasi moja," alisema. "Binti ataapa, Bwana Stoo atakana, nani atajua? Utabaki na rangi yako na waya wao wa pasi. Utawashinda kabisa."

"Ningewashinda."

"Sasa?"

"Sasa mimi nimewaambia waliyofanya, na ushahidi wangu ni daftari hili. Ukichana moja, mke wangu, hizo nyingine wataziamini kwa sababu gani? Nitakuwa kama wao, tofauti yetu ni manukato."

Mkewe aliachia ukurasa, lakini si kwa upole. Alirudi kwenye cherehani akaiendesha kwa kasi isiyo ya sare za watoto. Kurasa alikaa mezani na karatasi, akaandika, akakata, akaandika. Cherehani ilipotulia alishtuka.

"Soma," alisema mkewe, mgongo umemgeukia.

Akasoma. "'Mimi, mwendeshaji wa boti, ninakiri kwamba siku ya Ijumaa, kwa bahati mbaya, nilifunga nyaya za betri kinyume —'"

"Ondoa hiyo."

"Ipi?"

"Bahati mbaya. Bahati ndiyo iliyokata waya? Uliandika kumbuka, hukukumbuka. Kama unakiri, kiri. Usinikirie nusu halafu unifukuzishe mzima."

Kurasa alikata maneno mawili. Sentensi ilisimama vizuri zaidi, na ilimuuma zaidi. Akaendelea: rektifaya ilikufa kwa kosa hilo, na kwa hilo anaomba radhi na yuko tayari kwa hatua yoyote. Kibarua wa usafi hakugusa betri. Siku iliyofuata, kinyume cha maandishi yaliyoachwa kwenye kitabu cha boti, waya wa pasi uliwekwa mahali pa fyuzi na Bwana Mtunza Ghala, Mkuu akiwepo, na wayaringi wote ukaungua. Kwa hilo haombi radhi, kwa kuwa si lake. Mashine imepimwa, imewashwa mbele ya mashahidi, na si chuma chakavu.

"Hapo kwenye mashahidi," alisema bibi nyuma ya pazia, aliyedhaniwa amelala, "yule msichana atie saini. Na nakala wapelekee wakubwa wa huyo Mkuu. Barua ya peke yake huwa inaanguka nyuma ya kabati."

Mkewe alivuta kiti hadi mezani. "Nitanakili mimi," alisema. "Mwandiko wako wakubwa watadhani umeandika ukiwa ndani ya boti."

*

Siku ya tatu, asubuhi, nakala ya Mkuu ilipelekwa ofisini na kutiwa saini kwenye daftari la kupokelea. Mpiga chapa alipiga mhuri bila kuinua macho, halafu akasema chinichini, "Umeukumbuka na waya wa pasi?" Kurasa akamwambia ameukumbuka. Mlango wa Mkuu ulikuwa umefungwa. Kwenye ubao wa matangazo palikuwa na karatasi mpya inayosema boti itaendeshwa na mtu mwingine hadi hapo itakapotangazwa, na mtu huyo hakutajwa kwa sababu hakuwepo.

Kurasa na mkewe walikwenda posta na nakala ya pili. Brashi alikuwa anawangoja mlangoni, amevaa viatu vya kufunga ambavyo bila shaka si vyake. Alitia saini kwenye kaunta, kidole kimeshikilia karatasi isitembee, herufi moja baada ya nyingine, akapuliza wino ukauke.

"Wakiniuliza, Baba, niseme nini?"

"Ulichokiona. Usiongeze chumvi. Ipo ya kutosha."

Karani wa dirishani alikuwa mama mwenye haraka. Aliitazama anwani ya makao makuu, akawatazama wao watatu.

"Malalamiko?"

"Hapana," alisema Kurasa. "Nimekosa kazini. Nakiri kosa."

"Ya kawaida, basi."

"Ya rejista."

Karani alishusha miwani. "Watu wanaleta rejista kwa hati za viwanja, kwa vyeti. Sijaona anayekiri kosa kwa rejista."

"Ni kosa langu," alisema. "Sitaki lipotee njiani likaokotwe na mtu mwingine."

Mkewe alikuwa ameshafungua mkoba. Kurasa aliikunja barua mara mbili, akaiingiza ndani ya bahasha, akaulamba ukingo kutoka kona hadi kona, akaubana kwa kidole gumba, polepole, mpaka pasibaki mahali palipoinuka. Halafu akaisukuma chini ya kioo, na hakuiachia mpaka alipohisi upande wa pili umeshikwa.